UZI: Viti 200 kwa 200 – tuhesabu mseto wa Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 2024

#1 Karani wa Kura

Wakuu, heshima kwenu. Mada kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Afrika Kusini zimejaa humu, na karibu zote huishia "ANC wamejiuza" au "DA wamemezwa". Hapa naomba tuhesabu. Nani na nani wangeweza kuunda serikali, kila njia ilidai kura ngapi, na ile iliyochaguliwa ina ufa wapi.

Uchaguzi ulifanyika 29 Mei 2024, matokeo yakatangazwa 2 Juni. Bunge la Taifa lina viti 400, nusu na kimoja ni 201. Mgawanyo (ANC ni chama cha Rais Ramaphosa, DA walikuwa wapinzani wakuu, EFF ni chama cha Malema, IFP kina ngome KwaZulu-Natal):

ANC 159
DA 87
MK (uMkhonto weSizwe) 58
EFF 39
IFP 17
PA 9
VF+ 6, ActionSA 6
ACDP 3, UDM 3
Rise Mzansi, BOSA, ATM, Al Jama-ah, NCC: viti 2 kila kimoja
PAC, UAT, GOOD: kiti 1 kila kimoja

Vyama 18. ANC mwaka 2019 walikuwa na 230, kwa hiyo wamedondosha 71 kwa mkupuo mmoja, na MK cha rais wa zamani Zuma, ambacho 2019 hakikuwepo kabisa, kimeingia na 58. Sheria yao haiweki asilimia ya chini ya kuingia bungeni. GOOD wamepata kiti kwa asilimia 0.18 tu ya kura. Hao wadogo msiwadharau, mbele mtaona kwa nini.

Kitu cha pili ni saa. Ibara ya 51 ya Katiba yao inataka kikao cha kwanza kifanyike ndani ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa, na ibara ya 86 inataka Rais achaguliwe katika kikao hicho hicho. Ujerumani baada ya uchaguzi wa Septemba 2017 ilikaa karibu miezi sita bila serikali mpya. Ubelgiji 2010–2011 walitumia siku 541. Hawa walikuwa na wiki mbili, na katika hizo wiki mbili Kamati Kuu ya ANC ilifikia uamuzi wa kualika vyama vyote tarehe 6 Juni. Zikabaki siku nane za kujadiliana. Ndiyo maana Wajerumani hutoka na mkataba mnene unaotaja hadi sheria gani italetwa lini, na Afrika Kusini wakatoka na tamko la nia la kurasa chache.

Karibuni.

#2 Mwana Mrima

Mkuu, swali la kizembe. EFF walitoka tumboni mwa ANC, MK wametoka tumboni mwa ANC. Kwa nini mama asirudishe watoto nyumbani badala ya kwenda kuolewa na DA?

#3 Hesabu Tamu

Si la kizembe. Tupige hesabu.

ANC na EFF ni 198. Wamepungukiwa 3. Ukimwongeza UDM unapata 201 kamili, yaani mbunge mmoja akilazwa hospitali, serikali nayo imelazwa. Ukimwongeza PA unapata 207. Ukimwongeza IFP ni 215, ila IFP na EFF walishagombana kwenye halmashauri za KwaZulu-Natal kabla ya uchaguzi na hawakuwa tayari kukaa meza moja tena.

ANC na MK ni 217. Nzuri kwenye karatasi, lakini sharti la kwanza la MK lilikuwa Ramaphosa aondoke. Hakuna chama kinachokubali kumtoa kiongozi wake kwa amri ya aliyekuja na viti 58.

ANC na MK na EFF ni 256. Wengi walidhani hao watatu wakiungana wanabadili Katiba wanavyotaka. Hapana. Theluthi mbili ni 267, wanapungukiwa 11, na baadhi ya mabadiliko ya Katiba, kama yale ya haki za msingi, yanahitaji pia mikoa sita kati ya tisa iunge mkono kwenye Baraza la Mikoa.

Sasa bila ANC. Waliobaki wote ni 241. DA + MK + EFF + IFP ni 87 + 58 + 39 + 17 = 201. Ndiyo, umesoma sawa, ANC wangeweza kuwekwa nje na vyama vinne. Lakini MK wanataka Bunge liwe juu ya Katiba na DA wameomba kura kwa kuitetea Katiba hiyo hiyo. Maji na mafuta. Ule muungano wa kabla ya uchaguzi wa DA, IFP, ActionSA, VF+ na ACDP uliotamba kwamba utaiondoa ANC uliishia 119.

ANC na vyama vidogo vyote 14, bila DA, MK wala EFF: 216. Hapo unahitaji sahihi za vyama 15, na ActionSA walikuwa wameapa hawatashika mkono wa ANC.

Iliyobaki ni ANC + DA = 246. Vyama viwili tu, na akiba ya viti 45 juu ya 201. Hakuna njia nyingine iliyokuwa na akiba ya namna hiyo kwa wabia wachache hivyo.

#4 BintiKibaha

Hesabu Tamu umeruka njia moja: serikali ya wachache. ANC watawale peke yao na 159, DA wabaki nje ila waahidi kupiga kura ya ndiyo kwa Rais na kwa bajeti, na kukaa kando ikiletwa hoja ya kutokuwa na imani. Malipo yao yangekuwa Uspika na uenyekiti wa kamati za Bunge.

Ilijadiliwa kwa uzito. Ubaya wake kwa DA ni kwamba unabeba lawama za serikali bila kuwa na wizara hata moja ya kuonyesha wapiga kura. Ubaya wake kwa ANC ni kwamba nje ya bajeti kila muswada unakwenda kuuombea kura 42 upya, kila wiki. Nchi zenye mazoea hayo, kama New Zealand na Denmark, wanadhimu wa vyama wanaishi kwa kazi hiyo. ANC hawakuwahi kuifanya tangu 1994.

#5 Nyundo ya Spika

Niwarekebishe kidogo kabla hatujafika mbali, kwa sababu watu humu wanaitumia 201 kama ufunguo wa kila mlango. Si hivyo.

Ibara ya 53 inasema: ili mpige kura juu ya muswada, zaidi ya nusu ya wabunge lazima wawe ukumbini. Hiyo ni akidi, 201 wawepo. Kwa jambo lisilo muswada inatosha theluthi moja, yaani 134. Akidi ikitimia, uamuzi ni wa walio wengi kati ya kura zilizopigwa, labda Katiba iseme vingine. Kwa hiyo muswada unaweza kupita kwa 150 dhidi ya 120.

201 kama idadi ya kura, si ya mahudhurio, inahitajika pale Katiba inaposema "wingi wa wabunge wake": hoja ya kutokuwa na imani na Rais au Baraza la Mawaziri (ibara ya 102), na azimio la kulivunja Bunge (ibara ya 50). Kumwondoa Rais kwa kosa zito au kushindwa kazi, ibara ya 89, ni theluthi mbili, 267.

Rais naye alichaguliwa kwa wingi wa kura zilizopigwa, na kura ni ya siri. Tarehe 14 Juni 2024 pale ukumbi wa mikutano wa Cape Town, maana jengo la Bunge liliungua Januari 2022, MK walisusia. Viti 58 tupu. Ramaphosa 283, Malema 44. Kura halali 327, zilizohitajika 164.

Sasa tazama: ANC peke yao walikuwa 159. Kwa ukumbi ule, ANC na IFP tu wangetosha.

#6 Mwana Mrima

Duh. Kwa hiyo MK kwa kususia walimpunguzia Ramaphosa mzigo?

#7 Nyundo ya Spika

Walishusha kizingiti kutoka karibu 200 hadi 164, ndiyo. Walikwenda Mahakama ya Katiba kuzuia kikao, wakashindwa, wakakaa nyumbani. Kususia kunaumiza pale tu ambapo kuna akidi ya kuvunja, na hawa 58 hawakuweza kuvunja akidi ya 134.

Jambo hilo hilo ukiligeuza upande wa ibara ya 102 linakuwa kinyume. Kwenye kutokuwa na imani, asiyekuwepo anahesabika kama amemlinda Rais, kwa sababu 201 haishuki hata kama ukumbi una watu 210.

#8 Karani wa Kura

Ahsante Nyundo. Sasa kwenye muundo wenyewe.

DA walisaini siku ya kikao, 14 Juni. Mwishowe wakawa vyama 10: ANC 159, DA 87, IFP 17, PA 9, VF+ 6, UDM 3, Al Jama-ah 2, Rise Mzansi 2, GOOD 1, PAC 1. Jumla 287, karibu asilimia 72 ya Bunge.

Baraza likatangazwa 30 Juni: mawaziri 32. ANC 20, DA 6, IFP 2, na PA, VF+, GOOD na PAC mmoja mmoja. Manaibu waziri 43. DA walipewa Kilimo, Elimu ya Msingi, Mambo ya Ndani, Ujenzi wa Majengo ya Umma, Mawasiliano, na Misitu, Uvuvi na Mazingira. Fedha, Ulinzi, Mambo ya Nje, Polisi na Biashara zilibaki kwa ANC. De Lille wa GOOD, kiti kimoja bungeni, ana wizara nzima ya Utalii. Nilisema msiwadharau.

Kwa nini ANC waliwavuta wadogo wakati 246 ilishatosha? Toa 87 kwenye 287.

#9 Hesabu Tamu

200.

Lo! Kiti kimoja pungufu.

#10 Karani wa Kura

Ndiyo uzi wenyewe. Mkakati wa ANC ulikuwa kumwajiri DA na papo hapo kujenga ukuta wa kumwezesha DA kuondoka bila nyumba kuanguka. Ukuta ukaishia tofali moja chini ya dari.

Na upande wa pili ukiwajumlisha wote, DA 87, MK 58, EFF 39, ActionSA 6, ACDP 3, BOSA 2, ATM 2, NCC 2, UAT 1, unapata 200 vilevile.

#11 Nyundo ya Spika

Na hapo ndipo kanuni ndogo inakuwa kubwa. Ibara ya 53(2): anayeongoza kikao hapigi kura ya kawaida, anapiga kura ya uamuzi tu pale pande zikilingana. Spika ni Thoko Didiza wa ANC. Naibu Spika ni Annelie Lotriet wa DA.

DA wakiwa nje na wote 400 wakihudhuria, Didiza akiwa kitini upande wa serikali una kura 199 na upande wa pili 200. Muswada umeanguka. Hakuna sare, kwa hiyo kura yake ya uamuzi haifiki kutumika. Lotriet akiwa kitini ni 200 kwa 199, muswada umepita. Mnadhimu mkuu mwenye akili siku hiyo anamwomba Spika ashuke akakae na wabunge wenzake, na kiti amwachie Naibu.

Watu wanadhani kumpa DA Unaibu Spika ilikuwa heshima tu. Kwa 287 ni heshima. Kwa 200 ni hesabu.

Kosa jingine la kawaida: "Rais ni mbunge, ongeza kura yake." Hapana. Akichaguliwa tu anakoma kuwa mbunge, na chama kinajaza nafasi kutoka kwenye orodha yake. ANC wanabaki 159. Mawaziri wanaotoka nje ya Bunge, wasiozidi wawili, hawana kura. Waliobaki ni wabunge, na hawa ndio maumivu ya kichwa: waziri aliyeko Geneva siku ya kura ni kura iliyopotea. Serikali yenye akiba ya viti 86 inaruhusu safari. Yenye akiba ya sifuri inafuta tiketi za ndege.

#12 BintiKibaha

Kuna anayeuliza inbox kama ANC hawawezi "kununua" mbunge mmoja tu wa upinzani wafike 201. Kwa kumhamisha, hawawezi. Ibara ya 47: mbunge akiacha chama kilichompeleka anapoteza kiti, na kiti kinarudi kwa chama. Dirisha la kuhama na kiti lilifungwa 2009.

Lakini mbunge hapotezi kiti kwa kupiga kura tofauti na chama chake. Anapoteza chama kikimfukuza uanachama, na kufukuza kuna taratibu, rufaa, pengine mahakama. Katikati hapo anaendelea kupiga kura. Kura ikiwa ya siri ndiyo kabisa hujulikani. Agosti 2017, hoja dhidi ya Zuma ilipigiwa kura ya siri baada ya Mahakama ya Katiba kusema Spika ana mamlaka ya kuiruhusu: 177 walikubali, 198 wakakataa, 9 hawakuchagua upande. ANC wakati huo walikuwa na 249. Pigeni hesabu wenyewe.

#13 Kamau wa Mlolongo

Salamu kutoka Kenya. Sisi hiyo tuliita serikali ya nusu mkate, 2008, lakini tofauti iko hapa: nusu mkate wetu uliandikwa kwenye sheria na ukaingizwa katika Katiba, Waziri Mkuu hangefutwa kazi na Rais kwa barua. Na siku hizi mkataba wa muungano ni lazima uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Hawa jamaa wa kusini tamko lao limesajiliwa wapi?

#14 BintiKibaha

Hakuna popote. Ni karatasi ya kisiasa, haiko kwenye sheria yoyote. Rais chini ya ibara ya 91 anateua na kufukuza waziri kwa uamuzi wake mwenyewe. Juni 2025 alimfukuza naibu waziri wa Biashara wa DA, na DA hawakuwa na kifungu cha kumzuia. Walilalama, wakajitoa kwenye mjadala wa kitaifa, wakabaki serikalini.

#15 Mtoto wa Darajani

Nami niongeze la kwetu Unguja. SUK (Serikali ya Umoja wa Kitaifa) ya Zanzibar watu huifananisha na hii kwa sababu ya jina, lakini ni vitu viwili. Yetu ilipita kwenye kura ya maoni 31 Julai 2010, ikawekwa ndani ya Katiba: aliyeshika nafasi ya pili anatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Chama kikubwa hakina hiari. Ya Afrika Kusini ya leo ni hiari mwanzo mwisho.

Ya kwao iliyofanana na yetu ilikuwa ya 1994. Katiba ya mpito ilisema chama chenye viti 80 kati ya 400 kitoe naibu rais, na chenye viti 20 kipate mawaziri kwa uwiano. NP, chama cha De Klerk, walikuwa na 82, IFP 43. De Klerk akaingia, 1996 akatoka. ANC wenye 252 hata hawakuyumba.

#16 Hesabu Tamu

Ndiyo tofauti. De Klerk alikuwa abiria. DA ni gurudumu.

Sasa tuje kwenye kifungu kilichoniumiza kichwa katika hilo tamko. Kinasema maamuzi yatafanywa kwa maafikiano. Yakishindikana, kutakuwa na "maafikiano ya kutosha", na hayo yanapatikana pale vyama vya serikali vinavyowakilisha asilimia 60 ya viti vya Bunge la Taifa vinapokubaliana.

Asilimia 60 ya nini? Ukisoma kama kilivyoandikwa, ni asilimia 60 ya viti 400, yaani 240. ANC na DA wana 246, wanafika wao wawili tu. Bila DA, tisa waliobaki wana 200, hawafiki. DA wana turufu. Bila ANC, waliobaki ni 128. ANC nao wana turufu.

Ukisoma kwamba ni asilimia 60 ya viti vya serikali yenyewe, 287, unapata 173. ANC na IFP ni 176. DA hawana turufu tena.

Karatasi ile ile, maneno yale yale, na tofauti ya viti 67.

#17 BintiKibaha

Mimi nasimama na 240. Maneno "viti vya Bunge la Taifa" yako wazi. Na tazama mlolongo wa siku: tamko liliposainiwa serikali haikuwa na 287 bado, vyama viliendelea kuingia hadi wiki iliyofuata. Huwezi kuandika asilimia ya jumla ambayo huijui.

#18 Karani wa Kura

Kisarufi uko sahihi, dada. Kisiasa kifungu hicho hakina refa. Hakuna kilichoandikwa kuhusu kitakachotokea ANC wakisema "hapa maafikiano yamefikiwa" na DA wakisema "hayajafikiwa". Kikatiba Baraza la Mawaziri linamtii Rais. Kwa hiyo turufu ya DA haiko kwenye tamko. Iko bungeni, siku ya kura, na kura kubwa kuliko zote ni ya bajeti. Kuna mtu wa bajeti humu?

#19 Mlinzi wa Hazina

Nipo. Bajeti ya 2025 ndiyo kipimo, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Utaratibu wao una ngazi tatu. Kwanza Bunge linapitisha mpango wa jumla: mapato kiasi gani, matumizi kiasi gani, mkopo kiasi gani. Sheria inazipa kamati za fedha siku 16 tangu bajeti isomwe, au mapema inavyowezekana baada ya hapo. Pili, muswada wa kugawa mapato kati ya serikali kuu, mikoa na halmashauri. Tatu, muswada wa matumizi ya kila wizara, unaotakiwa umalizike miezi minne tangu mwaka wa fedha uanze 1 Aprili. Ukianguka ngazi ya kwanza, hizo mbili hazina pa kusimama.

19 Februari 2025 bajeti haikusomwa. Waziri wa Fedha, Godongwana, alitaka kupandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 15 hadi 17 na Baraza la Mawaziri likagawanyika asubuhi ile ile. Hilo ni kosa la ufundi zaidi ya siasa: pendekezo la kodi lilifika kwa wabia likiwa limekwisha kuiva. Kwenye mseto kodi hujadiliwa kabla namba hazijafungwa.

Ikasomwa 12 Machi. VAT ipande nusu asilimia 1 Mei 2025, na nusu nyingine mwaka unaofuata. DA wakakataa. 2 Aprili kura: 194 ndiyo, 182 hapana.

Hizo 194 zimetoka wapi? Serikali bila DA ni 200. VF+ nao walipinga, zikabaki 194. Waliongezwa kutoka nje ActionSA 6 na BOSA 2, kwa ahadi kwamba njia mbadala ya kuepuka VAT itatafutwa. Uwezo wote ukawa 202, waliopiga kura 194. Wanane hawakuhesabika, akiwemo anayeongoza kikao.

Upande wa pili uwezo wote ulikuwa 198. Zilipigwa 182.

#20 Nyundo ya Spika

Rudia hapo mkuu. Wapinzani wote wangekuwa ukumbini, 198 dhidi ya 194, bajeti inaanguka?

#21 Mlinzi wa Hazina

Inaanguka. Viti 16 vitupu ndivyo vilivyoipitisha. Watu wakaandika kwamba ANC wamethibitisha wanaweza kutawala bila DA. Walichothibitisha ni kwamba wanaweza kushinda siku moja, kwa msaada wa chama kilichoapa hakitawasaidia, na kwa uzembe wa mahudhurio upande wa pili.

Na haikudumu. DA walikwenda mahakamani. 24 Aprili Waziri akatangaza kuifuta nyongeza ya VAT, 27 Aprili Mahakama Kuu Cape Town ikatoa amri ya kuisimamisha, siku nne kabla maduka hayajabadili bei. Bajeti ya tatu ikasomwa 21 Mei, bila VAT, na mwezi Juni DA wakaipigia kura ya ndiyo. Julai kwenye muswada wa matumizi wakatishia tena kukataa mafungu ya mawaziri wanaotuhumiwa. Waziri wa Elimu ya Juu akaondolewa siku mbili kabla ya kura, nao wakaunga mkono.

Ukitaka kuona turufu ya DA usiisome kwenye tamko. Isome kwenye kalenda ya bajeti, kuanzia Februari hadi Julai. Nje ya miezi hiyo sauti yao ni ndogo.

#22 Mwana Mrima

Nimekoma. Swali la mwisho: mikoani hesabu ilikuwaje? Nasikia KwaZulu-Natal ilikuwa nywele na nywele.

#23 Hesabu Tamu

KwaZulu-Natal ilitisha kuliko taifa. Viti 80, wingi 41. MK 37, IFP 15, ANC 14, DA 11, EFF 2, NFP 1.

MK na EFF 39. IFP, ANC na DA 40. NFP na kiti chake kimoja akienda kwa MK wanakuwa 40 kwa 40. Akienda kwa IFP ni 41 kwa 39. Alikwenda kwa IFP, na Thami Ntuli akawa Waziri Kiongozi wa mkoa kwa 41 dhidi ya 39. Chama chenye viti 37 kikabaki nje, chenye 15 kikashika usukani. Aliyeshika nafasi ya kwanza hana haki ya kwanza popote katika Katiba yao, ni mazoea ya magazeti tu.

Gauteng walikwenda njia ile ya BintiKibaha, serikali ya wachache. ANC 28 kati ya 80, wakachukua PA 2, IFP 1, Rise Mzansi 1. Jumla 32. DA wenye 22 wakaachwa nje. Kila bajeti ya mkoa inatafutiwa kura 9 za ziada.

#24 Kamau wa Mlolongo

Na mambo yakikwama kitaifa, DA watoke, bajeti ianguke, wanaweza kuitisha uchaguzi mpya kesho yake kama Uingereza?

#25 BintiKibaha

Hawawezi. Ibara ya 50: Bunge linavunjwa kwa azimio la kura 201, na ni lazima miaka mitatu iwe imepita tangu lichaguliwe. Hiyo ni 29 Mei 2027. Kabla ya hapo mlango ni mmoja tu: kiti cha Rais kibaki wazi na Bunge lishindwe kumchagua mwingine ndani ya siku 30, hapo Kaimu Rais lazima alivunje, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku 90.

Kuufungua mlango huo kwa hoja ya kutokuwa na imani unahitaji 201. DA wakiondoka, upande wao wote una 200.

#26 Nyundo ya Spika

Na hoja ikipita, unahitaji tena wabunge wagawanyike siku 30 mfululizo kwenye uchaguzi wa Rais ambao ni wa siri, wa wingi wa kura zilizopigwa, na mwenye kura chache huondolewa kila raundi. Wakibaki wawili wakilingana, kikao kinarudiwa ndani ya siku 7. Utaratibu huo umetengenezwa kutoa jibu. Kushindwa kumpata Rais kunahitaji juhudi.

#27 Karani wa Kura

Basi tutarudi Februari, bajeti nyingine ikisomwa. Mlinzi, utuwekee majedwali ya mahudhurio.